Nusu Haikuisha

Muji wa Baraka, siku ya ine, magaribi

Batri imekufa, na kosa ni yangu.

Tangu vita ifunge njia ya Bukavu, nilikuwa naandika programu yangu kwa karatasi tu. Leo pasta wa kanisa yetu alinikubalia nijaribishe kwa ordinatere yake, ile kompyuta ya zamani, kwa batri moja ile ile inayowasha foni ya kanisa. Programu inageuza namba za virgule, zile zenye nukta, kutoka musingi wa kumi kwenda musingi wa tatu: zidisha mara tatu, andika namba nzima, rudilia mabaki, mupaka mabaki iwe zero.

Nikaipa nusu, nikaenda kunywa chai.

Nusu mara tatu ni moja na nusu. Inaandika moja, inabaki nusu. Tena moja, tena nusu. Niliporudi, ekrani imejaa moja tupu, kisha ikazimika.

Saa kumi mama alikuja kuongea na dada yangu Neema, mukimbizi kule Kigoma, anayengojea sauti yetu kila juma saa ile. Foni kimya.

Mama hakunigombeza. "Neema atafikiri tumekufa," alisema.

Dawa ya programu naijua: isimame ikiisha kuandika namba kumi, hata mabaki ikiwepo. Kwa ile sina wasiwasi, itatembea.

Lakini usiku huu, kwa Neema, tumekufa.