Ile Picha ya Shaibu

Chang'ombe, Temeke
Jumapili, mwezi wa nane

Dada Somoe, shikamoo.

Leo natimiza mwaka mmoja na miezi saba tangu uliponisindikiza stendi ya Masasi na kile kikapu cha mihogo ya kuchoma. Goti lako linaendeleaje? Macho ya Mama yamepata nafuu, au bado anawajua watu kwa sauti? Na mikorosho, mmeshapuliza salfa, au mwaka huu nao dawa imechelewa? Mimi ni mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la ghalani, na mgongo huu siyo ule niliotoka nao huko.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, simu nimeishindwa. Mara tatu mwezi huu nimekupigia nikiwa nimekusudia kusema jambo, na mara tatu nimeishia kuulizia kuku. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, nami siwezi kusingizia kuwa mtandao umekata. Binti yako Zuhura akusomee mkiwa wawili tu. Mama utamwambia wewe mwenyewe, ukiona inafaa.

Ni habari ya mwanao Shaibu, na kwa nini timu yake ilimfukuza.

Inabidi nianze na kamera. Unajua kazi yangu ni kupakua magunia ya unga wa ngano katika ghala la Bwana Murtaza. Ni Mhindi wa hapahapa, kazaliwa Dar, baba yake kazaliwa Dar, na Kiswahili chake kinakishinda changu. Ujanani alikuwa akipiga picha za kriketi. Siku moja alinikuta nimekaa juu ya magunia natazama mpira kwenye simu, akaniuliza kama naupenda kweli au napoteza tu muda wake. Kesho yake akaja na kamera yake ya zamani, ameifunga kwenye taulo.

"Itumie Jumamosi na Jumapili," akasema. "Ukiniletea picha moja ninayoweza kuitundika ukutani, kamera ni yako." Halafu akanifundisha, kwa kifupi, maana si mtu wa maneno mengi. "Usikimbize mpira, Issa. Mpira hauna uso. Mngoje mtu."

Basi nikawa mpiga picha wa mpira, bila kuajiriwa na yeyote. Usidhani ni kazi ya raha. Ghala likifungwa Jumamosi mchana nakwenda kwenye viwanja vya mchangani, mara hapa Temeke, mara Kinondoni, mara Segerea. Miezi mitatu ya kwanza nilichokuwa napata ni visigino na vumbi. Wasimamizi wananitoa nyuma ya goli kwa kuwa sina kizibao cha wapiga picha. Watazamaji nao hawaachi: "Mpiga picha, bibi harusi yuko wapi?" Mechi ikiisha ndipo wachezaji wananipenda. "Braza, nirushie kwenye wasapu." Nikiwarushia, wiki ya pili hawanijui. Kipa mmoja tu wa Segerea alinunua picha yake, akasema anampelekea mama yake, na siku hiyo nilirudi nikijiona mtu.

Wenye kurasa za michezo mtandaoni ndio walionieleza kosa langu: picha isiyo na jina la mchezaji haina mwenyewe, na isiyo na jina la mpigaji itaibiwa. Nikajifunza kuandika majina. La mchezaji chini, na pembeni "Picha na Issa".

Sasa Shaibu. Ile timu ilimpa mkataba wa kikosi cha vijana, na msimu huu alikuwa apandishwe kwa wakubwa. Mkataba ulimkataza kucheza mchangani, asije akavunjika mguu huko. Lakini timu ya mtaa ikifika nusu fainali hutafuta mchezaji wa kuazima, na timu moja ya huko Kinondoni ikamvisha Shaibu jezi na kumwandika kwa jina la mtu mwingine. Huku wanamwita mamluki. Uwanja mzima unajua, na uwanja mzima unanyamaza. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayeona ubaya.

Nilimkuta Kinondoni anafunga kamba za viatu. Akacheka aliponiona.

"Mjomba, leo mie siyo Shaibu. Leo naitwa Kassimu."

"Na timu yako je?"

"Timu yangu haiji huku kwenye vumbi. Nipige picha nzuri basi, mama aone."

Alisema hivyo, dada, lakini alikuwa anatania, nami nilijua kuwa anatania.

Kipindi cha pili ikapigwa kona. Sikuufuata mpira. Nilimngoja yeye. Akaruka juu ya mabeki wawili, shingo imekaza, macho wazi, mpira ndio kwanza unamgusa kwenye paji la uso. Ukiiona utasema yuko peke yake angani. Sijawahi kupiga picha kama ile, na sijui kama nitapiga nyingine.

Niliiweka mtandaoni bila jina. Mpaka hapo nilikuwa na akili. Kesho yake mwenye ukurasa mmoja mkubwa akaniandikia: "Huyu nani? Tunaitaka." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia anataka kitu changu. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Nikafikiri, wataiona huko nyumbani, watasema huyu ni Shaibu wetu na aliyempiga picha ni Issa. Nikaandika jina lake lote. Sitaki usomewe hapa ukadhani nilisahau kuwa alicheza kwa kujificha. Nilikumbuka, nikaandika.

Siku mbili hazikuisha. Wakubwa wa timu yake walimwita ofisini, wakamwekea simu mezani, picha imejaa kioo kizima. Akaambiwa afungashe.

Siku alipokupigia kukueleza, tulikuwa tumekaa kitanda kimoja. Alikwambia kuna mtu mwenye husuda amemchongea. Ukaomba nipewe simu, ukasema, "Issa, Mungu amlaani aliyemfanyia hivi mwanangu." Nami nikaitikia amina.

Nilikwenda kwenye ofisi yao kudanganya. Nikasema picha ni ya mwaka juzi, kabla ya mkataba. Karani akaitazama, akanitazama.

"Mzee, jezi hii ya mtaani ni mpya, wameizindua mwezi uliopita," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Halafu ungempiga kama wenzako wanavyopiga, sura isingeonekana. Umempiga vizuri mno."

Bwana Murtaza ameitundika picha ile ofisini kwake, juu ya kabati la mafaili. Kamera sasa ni yangu. Na yule mwenye ukurasa amenitafutia kibali cha kuingia kwenye mechi za ligi msimu ukianza. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi hii. Watu wakiniuliza nimefikaje, nasema ni bahati.

Shaibu anapakua magunia pamoja nami na analala chumbani kwangu. Wenzetu wanamtania. "Straika, kichwa hicho," wanamrushia mfuko mtupu uliokunjwa, naye anaupiga kichwa kweli, wanacheka. Mimi haniambii neno baya, wala zuri. Juzi tulikuwa tunafua, nikamuuliza kwa nini hajakwambia kuwa ni mimi. Akaendelea kukamua shati.

"Mama ana ndugu mmoja tu wa kiume," akasema. "Timu ziko nyingi."

Timu haziko nyingi, dada. Ameshazunguka tatu, na zote zimeiona ile picha.

Ningeweza kunyamaza kama anavyonyamaza yeye. Lakini Zuhura aliniambia kuwa umeacha kusalimiana na mama Rukia, kwa kuwa mwanawe yuko timu ile ile na unaamini ndiye aliyesema. Hata walipofiwa, msibani kwao hukwenda. Yule kijana hakusema lolote, na mama yake amekuwa jirani yako tangu ulipoolewa. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uvuke uende kwake, umwambie ni ndugu yako.

Nisalimie Mama, habari ya kifua usimpe. Nisalimie shemeji Bakari, mume wako, najua yeye atakasirika kuliko wewe na atanyamaza zaidi yako. Na mwalimu mzee aliyenifundisha kusoma kabla sijaacha shule, mwambie kuandika bado naweza.

Nitakuja mwezi wa kumi, korosho zikianza kudondoka. Shaibu hataki kuja, anasema atakuja akishapata timu, kwa hiyo nitakuja peke yangu. Ukiona hutaki nifike, Zuhura anipigie aseme tu nisije, sitauliza. Nisipopigiwa, Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo nitashuka Masasi alfajiri, na kabla ya adhuhuri nitakuwa mlangoni kwako, unijibu ana kwa ana.

Mdogo wako,
Issa