Sura ya Mama Chini ya Mtungi

Mdogo wangu Keji,

Juba kuna joto kali. Leo, katika nyumba moja mtaani Malakia, nimelikuta jiwe la baba la kuchapia picha, limefanywa kiweko cha mtungi wa maji. Mwenye nyumba alikuwa ameushusha mtungi, akilisugua kwa mchanga. Akaniambia:

“Mzee, uchafu huu haushiki maji wala hautoki!”

Nikamweleza: baba alichora juu ya jiwe hili kwa kalamu ya mafuta. Maji huyakimbia mafuta, wino huyafuata. Michoro mingine yote aliifuta ili jiwe litumike tena, isipokuwa huu.

“Huyo unayemsugua ni mama yetu.”

Akautupa mchanga. “Maleesh, mama, nisamehe,” akaliambia jiwe.

Mtungi ameuhamisha. Njoo na wino na karatasi nzuri, tuichape sura yake ningali naona.

Kaka akupendaye,
Lado