Rangi ya Waridi kwenye Mihogo Yetu

Mpenzi Akinwale,

Huku Ibadan sote wazima, sijui wewe huko Pretoria. Mama yako amenipa unga wa amala, ule ugali wenu mweusi, nikutumie. Bado ananiita "mke wetu" mbele ya soko zima, nami naitika.

Kazi inaendelea. Jenomu za mihogo, zile ramani za jeni tulizoanza pamoja, bado ziko kwenye programu ya maabara, na ukizifungua huko, huku naona jina lako limewaka. Tangu tukiwa wanafunzi, jeni unazochambua unazipaka kijani kwenye skrini. "Muhogo hauvai rangi nyingine," ulikuwa ukinitania. Siku hizi naona waridi tupu.

Jumanne uliniambia kwenye simu, "Nimeshatoka kazini, Ibidun, nipo nakula." Nikasema haya, kula vizuri. Mbele yangu jina lako lilikuwa linapaka waridi, jeni baada ya jeni.

Yule Refilwe uliyesema ni mwenzako wa meza tu, hajambo? Mwambie ana mkono mzuri.

Nilitaka kumweleza mkuu wetu kwamba umempa mtu neno lako la siri. Halafu nikakumbuka nililiweka mimi mwenyewe, na ni jina langu lote, pamoja na la baba yangu. Nikaishia mlangoni kwake. Acha kila asubuhi Refilwe alichape jina hilo, herufi kwa herufi, kabla hajagusa kitu chako.

Unga nimeusonga, nimekula mwenyewe.

Mke wenu, mpaka mama yako aambiwe vingine,
Ibidun