Bawa Lililoziba Pengo

Sityo Kabuling,
Bukidnon.
19 Oktoba

Mpendwa mpwa wangu Arsenia,

Pokea salamu za mjomba wako. Hujambo huko Jedda? Mama mwenye nyumba bado anafunga jokofu kwa kufuli? Sisi tunapumua. Magoti yangu yamegombana, moja linataka kupanda, jingine linataka kulala. Mkaza mjomba wako Lusing anasema nina afya ya kutosha kumsumbua.

Mwalimu akishuka mjini Jumamosi ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu. Usiisome umesimama.

Mdogo wako Beni wamemweka ndani, hii wiki ya sita. Wanasema amemuua tai wa mlima wetu, yule anayelindwa na sheria. Walikuta unyoya mrefu wa bawa umechomekwa kwenye paa la kibanda chake cha shambani, na tai mwenyewe alikuwa hajaonekana tangu Julai. Unamjua Beni, kuku akichinjwa yeye anaondoka nyumbani. Unyoya aliuokota chini ya mti, tai alipokuwa akibadilisha manyoya.

Basi dawa ilikuwa moja: kumpiga picha tai akiwa hai, na bawa la kulia lina pengo pale unyoya ulipotoka. Mwalimu akaniazima kamera. Siku tisa nilishinda msituni na viazi vitamu mfukoni, shingo imepinda. Lusing akaniuliza, "Wewe mzee, umeenda kumpiga picha huyo tai au kumposa?"

Sasa hili hata yeye sijamwambia. Siku ya kumi nilimwona. Alitua karibu mpaka nikaona ushungi wake ukicheza na upepo. Akakunjua bawa, na pengo lile hapo, wazi kama la kinywa changu. Nikainua kamera. Limokon akalia kushoto.

Umelelewa huku, unajua. Njiwa yule akilia kushoto, mtu anarudi alikotoka, hata kama anamfuata mkunga. Mimi nimemcheka padri, nimemcheka datu, mkuu wetu wa kabila, na kuku wake wa tambiko. Lakini siku ile miguu ilimtii njiwa kabla sijaiuliza. Nikashuka bila picha.

Halafu mvua, majuma matatu. Nilipopanda tena nikampata, nikapiga picha kumi na nne. Moja ilitoka safi, uso na mabawa yote. Nikaikimbiza ofisi ya misitu, na binti wa pale akaikuza kwenye kompyuta.

"Babu, huyu ni tai kweli."

"Nilidhani ni mke wangu."

Hakucheka. "Lakini ni tai yupi? Mabawa yake mazima yote. Anaweza kuwa mgeni aliyechukua nafasi ya yule aliyekufa."

Unyoya umeota, Arsenia. Ndege kapona, na kupona kwake ndiko kunakomfunga ndugu yako.

Binti yule ana huruma lakini. Akanionyesha mdomo wa tai, ubavuni umemeguka kidogo. Akasema, "Mkiniletea picha ya zamani yenye alama hii, nitaandika mwenyewe kwamba ni yuleyule." Ndipo nikakumbuka likizo yako, ulivyonipiga picha ya makalio nikipanda mti, na tai yuko juu ananitazama kwa dharau. Itafute. Kama simu ile umeiuza, mfuate aliyeinunua. Kama imekufa, mpelekee fundi. Kesi ni tarehe 28.

Jana nilikwenda kumwona Beni, nikamweleza habari ya picha yako. Shati linamning'inia kama limetundikwa. Akanishika mkono katikati ya nondo. "Mjomba, hiyo picha ya dada ipo?"

Nikamwambia ipo, umeshaiona, unaituma. Akalia. Nimedanganya watu wengi kwa kujifurahisha, lakini uongo huu wa jana umekaa tumboni, hata viazi havipiti.

Mama yako Pasing anakusalimu, anadhani Beni yuko kibaruani Davao. Lusing anakusalimu, na mwalimu pia. Mungu akulinde, na wale wa msituni wakulinde pale Mungu anaposinzia.

Picha ikipatikana, mtumie kila mtu. Ikikosekana, niambie mimi peke yangu.

Ni mimi nikupendaye, niliyegeuzwa njiani na njiwa,
Mjomba Maning