Maelezo Kuhusu Sindano za Begani

MAELEZO YA SHAHIDI, YALIYOANDIKWA KITUO CHA POLISI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa Mwalimu.
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu wa sayansi
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha mafuta
Uhusiano na mgonjwa: Mume

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na akili yangu ni timamu. Goti langu la kulia limefungwa bendeji, hivyo nimeomba kukaa nikiwa nimenyoosha mguu, na afande amenikubalia.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, mimi na mke wangu tulifika kwa tabibu wa sindano. Chumba chake kiko chini ya mafundi cherehani. Tumekuwa wateja wake kwa miaka miwili, mimi kwa ajili ya magoti, mke wangu kwa ajili ya bega la kushoto. Mwaka jana bega lile lilipoa kabisa. Mwaka huu aliugua homa ndefu, akakonda, na maumivu yakarudi.

Naomba nieleze vifaa kwanza, maana bila hivyo mambo hayataeleweka. Afande amesema niwe mfupi.

Sindano za tabibu si kama za hospitali. Hazina tundu wala dawa ndani. Ni nyembamba kama unywele, na kishikio chake kimezungushiwa waya. Kila moja hupitishwa kwenye kimrija cha plastiki, kisha tabibu huigonga kwa kidole. Fupi ni za uso na mikono, ndefu ni za mapaja na mahali penye nyama. Ana vikombe vya kioo vya kuumika, ana kinyundo chenye ncha ndogo za kugongagonga ngozi, na ana kimashine cha betri kinachopeleka umeme mdogo kwenye sindano kwa nyaya zenye vibanio. Ana pia majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene. Huyawasha, akayasogeza karibu na ngozi bila kuigusa, joto likaingia. Moshi wake uliwakera mafundi cherehani wa juu, wakaja kulalamika, na tangu hapo huyawashia uani, akasubiri moshi mzito upungue ndipo arudi nayo ndani. Hilo naomba liandikwe.

Mle ndani mna vitanda viwili na pazia katikati. Amri ni moja: ukishachomwa, huinuki mpaka kengele ilie. Kengele yenyewe ni ile ya jikoni, ya plastiki, yenye umbo la yai. Tabibu huitega mara moja kwa wagonjwa wote wawili.

Siku hiyo alianza na sikio la mke wangu. Alimbandika punje ndogo nyeusi kwa kipande cha plasta, akamwambia, "Hii utaibonyeza asubuhi, mchana na jioni, mpaka sikio lipate moto. Itakuletea usingizi."

Mke wangu akasema, "Nichome taratibu, mwanangu. Siku hizi sina nyama. Hata gauni hili ni kama nimeazima kwa mtu."

Tabibu akajibu, "Afadhali, bibi. Sindano itaingia bila kupiga hodi."

Tulicheka wote watatu.

Nimeulizwa kama niliona sindano alizotumia. Niliziona kabla pazia halijavutwa. Zilikuwa zile ndefu. Nilimsikia akimwambia, "Ni zile zile zilizokuponya mwaka jana." Alimchoma nne juu ya bega, akiwa amelala kifudifudi. Kisha akaja upande wangu, akanichoma magotini, akabana nyaya, akawasha kimashine. Miguu ikaanza kurukaruka kidogo kidogo, kama kawaida yake. Akatega kengele, akachukua majani yake, akatoka uani. Feni ilikuwa inavuma. Juu, vyerehani vilikuwa vinakwenda.

Baada ya muda mfupi mke wangu alikohoa kikohozi kikavu, kisha akaniita.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Pumzi haishuki."

Nikamwambia avute polepole. Akasema, "Haishuki. Inaishia hapa juu."

Nilimwita tabibu. Nilimwita tena kwa sauti ile niliyokuwa nikiitumia kwenye gwaride la asubuhi, sauti iliyokuwa ikifika mpaka barabarani. Haikufika uani. Kengele ilikuwa bado inahesabu.

Nikainuka. Najua ni kinyume cha amri. Goti lilipokunjwa, nyama ilishtuka ikaibana sindano, kama tope linavyoushika mguu, na sindano ikapinda ndani. Nilianguka, na kimashine kikanifuata kwa nyaya zake. Nilijivuta kwa viwiko mpaka kwenye pazia.

Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alinitazama, akanyoosha mkono, nikaushika nikiwa sakafuni.

Afande ameniuliza kwa nini sikuzichomoa zile sindano. Nimefundisha somo la mapafu kwa miaka thelathini na nne. Nimeyachora ubaoni kwa chaki za rangi. Ncha ya pafu hupanda mpaka juu ya mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, na kwa mtu aliyekonda, kutoka ngozi ya bega hadi pale si mbali. Nilipomwona nilijua kilichokuwa kinatokea ndani ya kifua chake. Sikujua la kufanya. Kuchomoa au kuacha, sikujua. Nilimwambia, "Nipo," basi.

Tabibu aliingia na majani yake yakitoa moshi. Aliyatupa chini, akachomoa sindano, akapiga kelele kwa mafundi cherehani. Walimbeba wao, kwenye gari la mteja wao. Hospitalini walisema pafu limetobolewa, na hewa iliyovuja imelibana. Wakamtia mrija kifuani. Pumzi ilirudi ikiwa imechelewa. Mpaka leo hajafumbua macho.

Tabibu alikaa nasi kwenye benchi la korido mpaka askari walipomfuata. Aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, mimi nilichoma bega la mwaka jana." Sina ugomvi naye. Wala sina la kumtetea.

Afande amenitaka nikabidhi vifaa vyote vilivyobaki. Nimetoa sindano iliyopinda, iliyochomolewa gotini mwangu. Kimebaki kimoja. Wauguzi wamemvua mke wangu kila kitu, lakini ile punje ya sikioni hawakuiona, imefunikwa na nywele. Naibonyeza mimi asubuhi, mchana na jioni, mpaka sikio lipate moto. Najua ilikuwa ya kumletea usingizi. Sikuachiwa kingine cha kufanya.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo haya. Nimesomewa, nimesahihisha mahali pawili, na nimetia saini.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Shahidi amekabidhi sindano moja iliyopinda. Nimekwenda naye wodini jioni kuthibitisha kielelezo cha pili. Kimeonekana. Sikukichukua.