Plagi ya Shabani

Bariadi, Jumanne

Wamenizomea kama mwizi, na wengine ni watu niliocheza nao gemu miaka saba.

Mashine mpya ya Shabani, mwenye banda letu la gemu, ni nzuri, sikatai. Lakini ameichomeka kwenye ekstensheni ileile nyembamba yenye mashine nyingine tano na televisheni zake. Sisi wachezaji nasi, tunabishania ubora wa picha tu, hakuna anayeuliza umeme unapita wapi. Na chumba cha nyuma mwenye nyumba amekijaza pamba.

Leo alasiri nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikachomoa waya katikati ya fainali, wakaanza kunizomea, nikamwonyesha Shabani plagi. Ilikuwa imeanza kuyeyuka.

"Umezoea mashine za kizamani, Limbu," alisema, akaichomeka tena. "Hizi zina joto lake."

Ndiye aliyenifundisha kushika pedi ya gemu. Sikutaka kumsema kwa mtu, nikaondoka.

Jioni nikampigia rafiki yangu Kulwa nimwambie atoke mle bandani. Nilisikia watu wakishangilia goli.

"Rudi bwana, mambo shwari."

"Na ile harufu?"

"Haisikiki tena. Shabani amewasha udi."

Nikampigia mwenye nyumba, yuko Lamadi. Amesema atakuja kesho asubuhi kuangalia.

Kesho ni mbali. Mlango wa banda ni mmoja tu, na watu hujazana mpaka...

Nimemwandikia Shabani kwamba nimemsemea, na kwamba namwomba afunge leo. Ameusoma ujumbe.

Navaa viatu, narudi kule. Wanizomee tu.