Jina la Sita Katika Orodha ya Agosti

Jumamosi, 29 Agosti 1953. Nachingwea.

Majina matano. Mwezi unaisha na ukurasa wa "Waliotutoka" una majina matano tu. Nimepita sokoni, msikitini, kanisani, nimewauliza utingo wa malori ya Ruangwa. Hakuna aliyekufa tena. Yaani wamekufa, lakini si wa kuandikwa.

Nilio nao: mwindaji wa tembo, mwalimu wa chuo cha Kurani, manju wa ngoma, mzee wa baraza, na dereva wa trekta aliyeng'oa visiki vya kwanza mradi wa karanga ulipoanza. Napenda wawe wa kazi mbalimbali. Wakiwa wakulima watupu ukurasa unasomeka kama daftari la kodi. Kipimo changu ni kimoja: mtu akifa, je, kijiji cha pili wanauliza? Wakiuliza, anaingia. Kila mmoja mistari mitatu.

Nimechoka. Mchana bohari la vipuri, jioni gazeti. Bohari linafungwa Desemba, matrekta yanauzwa kama vyuma chakavu.

Jumatatu, 31 Agosti

Bwana Abeid, mhariri wetu, kakataa matano. Ukurasa una nafasi sita, anasema, na pengo litaonekana kama jino lililong'oka. Akanikumbusha ile kazi ya Januari aliyoniahidi, karani kamili wa gazeti, mshahara wa mwezi. Akaenda kula.

Nikaandika jina la sita. Mzee Lipande, mhunzi wa Narung'ombe. Hajafa. Ni mtani wangu. Mimi Mngoni, yeye Mmwera, babu zangu waliwakimbiza babu zake, na sasa tunalipana kwa matusi. Juzi aliwatangazia watu wote sokoni kwamba Wangoni tunazaliwa na mkono mmoja ndani ya zizi la mwenzetu. Nilikuwa namtafutia jibu. Mistari mitatu: mfua majembe hodari, ametutoka mwishoni mwa mwezi kwa kuvimbiwa ugali wa msibani. Nikafuta kuvimbiwa. Nikaacha "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Ilikuwa nzuri zaidi ikiandikwa kwa heshima.

Stensili ya kuchapia imekatwa. Nimecheka peke yangu hadi machozi.

Jumamosi, 5 Septemba

Lipande kaja. Mtu alimsomea huko Ruangwa. Nilimsikia kabla sijamwona: "We Mngoni, mwizi wa mbuzi! Sanda yangu iko wapi, au umeshaiuza?" Akajilaza barazani pa ofisi ya gazeti, mikono kifuani, akataka azikwe leo leo kwa kuwa serikali imeshaandika. Soko likabaki tupu, watu wote wamekuja kumtazama. Tarishi wetu Omari, ambaye hacheki kwa urahisi, alishika nguzo.

Bwana Abeid hakuwepo, alikuwa Lindi. Bahati. Hajui, na sina haja ya kumwambia.

Lipande kaapa atanizika mwezi ujao, tena bila kuniosha. Siku nzuri. Sijawahi kupata siku nzuri hivi tangu nifike huku.

Jumatano, 16 Septemba

Utingo wa lori la Marambo ananiambia kule wamemsomea dua Mzee Lipande. Mwalimu wa shule aliwasomea watu gazeti Ijumaa, baada ya sala. Dada yake Lipande anakaa Marambo. Ndiye Bi Zuhura, mkunga; nusu ya watoto wa upande ule wamepita mikononi mwake. Amenyoa nywele. Anajiandaa kwenda Narung'ombe kwenye arobaini ya ndugu yake.

Nilijua ana dada. Sikumfikiria. Hiyo ndiyo kweli na sina nyingine.

Utani ni wa mdomo. Unamtukana mtu naye yupo mbele yako, anakurudishia, watu wanaona meno yenu. Kule Marambo walipelekewa karatasi tu.

Nimemwandikia mwalimu yule barua. Kisha nikawaza: mwalimu atamwandikia Bwana Abeid, na Bwana Abeid juzi tu kaonywa na boma kwamba uwongo mmoja utafunga gazeti. Barua iko ndani ya droo. Nitaipeleka kesho.

Jumapili, 20 Septemba

Sijaipeleka.

Alhamisi, 24 Septemba

Amekuja.

Saa tisa alasiri. Nilikuwa nyuma ya kabati nikipanga karatasi. Bwana Abeid mezani, Omari mlangoni. Nikasikia sauti ya mwanamke mzee, Kimwera kingi na Kiswahili kidogo. "Namtaka mwandikaji. Yule aliyemwandika ndugu yangu Lipande. Aniambie alikufaje, na nani alimwosha."

Nikachungulia. Mfupi, kavaa kaniki, kichwa kimenyolewa kinang'aa, miguu ina vumbi hadi magotini. Pamoja naye binti yake, mwanamke wa makamo, na mzigo. Bwana Abeid akasimama kwa adabu. Akampa kiti, akampa pole. Akamwambia ndugu yako alikuwa mtu mkubwa, mama, tumempoteza. Alisema vizuri sana. Hakujua.

Zilitakiwa hatua nne kutoka kabatini hadi mbele yake. Nilizihesabu. Kisha nikamtazama Omari, nikatikisa kidole. Omari akaelewa. Akasema: karani kasafiri, mama.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nikasimama nyuma ya choo. Mtu mzima, suruali imepigwa pasi, nyuma ya choo. Nilikaa pale mpaka nikaona migongo yao kwenye njia ya Ruponda.

Niliomba mtu yeyote awaambie njiani. Mtu yeyote asiyekuwa mimi.

Ijumaa, 25 Septemba

Ningeweza kuwafuata kwa baiskeli. Nimeiangalia asubuhi, nimeiangalia tena mchana. Nilitumaini pancha. Haina.

Nimemwambia dereva wa lori la Ruangwa: ukimwona bibi wa kaniki njiani, mwambie ndugu yake mzima. Kasema sawa huku akiwasha injini. Sijui kama alisikia. Najiambia alisikia.

Omari haniangalii usoni. Ananiletea chai, anaweka, anaondoka.

Jumapili, 27 Septemba. Ruponda.

Habari zilinikuta nje ya kanisa. Bi Zuhura amefariki. Alifika Ruponda jana jioni akitetemeka kwa homa, akalala, hakuamka. Nilipanda baiskeli nikiwa na nguo za kanisani. Njia nzima sikuwaza kitu. Sasa hivi ndiyo nawaza.

Dereva hakupita Ruponda. Alipakia mkaa, akapita njia nyingine.

Nimekuta kaburi linachimbwa. Nilisema mimi ni Mngoni, mtani wa ukoo ule, na kazi za msiba ni za mtani, kwa hiyo walinipa jembe bila kuniuliza zaidi. Nimechimba. Nimechota maji. Wanawake wa Ruponda walimwosha, hata mmoja wao hakumjua. Alikuja kuuliza nani alimwosha ndugu yake.

Binti yake anaitwa Fatu. Anasimulia kwa kila anayefika, sauti ile ile: "Tulimtafuta karani Nachingwea, tukaambiwa kasafiri. Mama akasema basi, tutayajua huko huko." Alisimulia mbele yangu pia. Hanijui sura. Nikasema pole. Nikaenda kupasua kuni.

Jumatatu, 28 Septemba. Ruponda.

Lipande kafika asubuhi, kwa baiskeli ya kuazima, macho mekundu. Fatu alipomwona mjomba wake anashuka, alikaa chini mchangani. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa tu, akamshika mguu, akaubonyeza kama anayepima embe. Mimi ndiye niliyeleta jambo lile.

Wamezungumza muda mrefu. Baadaye Lipande akaja jikoni nilikokuwa. Nilijiandaa kwa lolote. Nilitaka lolote.

Akaniambia: "Mngoni, ule mchezo tuliucheza wote wawili. Mimi nami nilicheka, nikasahau kwamba nina dada. Ila bahati yetu mbaya, siku aliyokuja wewe ulikuwa umesafiri. Ungekuwepo ungemcheka ukamrudisha nyumbani."

Kisha: "Fanya kazi yako ya mtani. Watu wamekaa kimya mno."

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Mdomo wangu ulifunguka. Nikasema kwamba Wamwera wanakufa njiani ili wenzao wagharimie maziko. Wakacheka. Nikavaa kaniki ya wanawake, nikajifanya mkunga, nikamzalisha mzee mmoja mnene aliyekuwa anakula. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fatu pia alicheka, akifuta machozi. Lipande akanipiga begani.

Sijawahi kuchekesha watu vizuri vile. Najichukia.

Jumatano, 30 Septemba. Nachingwea.

Orodha ya mwezi huu imejaa bila shida. Fundi seremala aliyetengeneza milango ya kanisa. Golikipa wa timu ya bohari, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, aliyeuawa na homa ya uti wa mgongo. Mganga wa mifupa. Mwenye duka aliyeleta cherehani ya kwanza Ruangwa. Mwalimu mmoja. Na Bi Zuhura, mkunga.

Hao watano nimewamaliza kwa nusu saa. Kwa Bi Zuhura nimekaa mpaka saa kumi na mbili. Nimeandika hivi:

"Bi Zuhura wa Marambo, mkunga. Alifariki Ruponda akienda kwenye arobaini ya ndugu yake, Mzee Lipande, ambaye yu hai. Jina la Mzee Lipande liliwekwa katika ukurasa huu mwezi uliopita na mwandishi wake kwa utani. Bi Zuhura alifika katika ofisi hii kuuliza. Mwandishi alikuwemo, akajificha."

Mistari minne na nusu. Imezidi. Nimeiacha mezani kwa Bwana Abeid, nikaondoka haraka kabla mkono haujairudisha.

Jumamosi, 3 Oktoba

Kaikata.

Aliniita, akafunga mlango. Hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Aliuliza kama ni kweli, nikasema kweli. Alikaa akitazama kiti alichokuwa amekikalia bibi yule. Nadhani alikumbuka maneno yake mwenyewe ya pole. Kisha akasema: "Likitoka hili, gazeti limekufa, na sisi wawili tumekufa nalo. Yeye halimfufui." Akachukua kalamu. Imebaki hivi: Bi Zuhura wa Marambo, mkunga hodari, alifariki kwa homa akiwa safarini, Ruponda.

Mistari miwili. Akajaza wa tatu mwenyewe: Mungu amlaze pema.

Akasema Januari naanza kazi kwake, nisijichome moto bure.

Nikasema asante. Nimeliandika hapa ili nisije kudanganya baadaye kwamba nilinyamaza. Nilisema asante.

Ijumaa, 9 Oktoba

Lipande kaja baada ya sala, na Fatu. Fatu anakaa kwake sasa, hataki kurudi Marambo mpaka arobaini ya mama yake ipite. Safari hii ni arobaini ya kweli.

Lipande hajui kusoma. Alikuwa na gazeti ndani ya kanzu, limekunjwa vizuri. Huko Ruangwa kuna watu wengi wa kumsomea. Kalileta kwangu, maili zote hizo, kwa sababu anataka kulisikia kwa mtu aliyemzika dada yake. Wakakaa kwenye benchi barazani. Omari akawapa maji.

Nikasoma. Alifariki kwa homa. Nilisoma hadi Mungu amlaze pema, nikafika mwisho, na wao wakawa bado wanasubiri. Lipande akauliza: "Ndiyo yote?"

Ningeweza kujibu ndiyo. Karatasi ilikuwa upande wangu.

Nikasema siyo yote. Nikawasomea ile niliyoandika mimi, kutoka kichwani, kwa kuwa karatasi yake Bwana Abeid aliichoma. Nilipofika "mwandishi alikuwemo" sikuyaruka, nikamaliza. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Hilo lilinishangaza.

Fatu akamtazama Omari. Omari akatazama chini.

Lipande akauliza: "Ulikuwa wapi hasa?"

"Nyuma ya choo."

Akalikunja gazeti kwa mikunjo ile ile. Alichukua muda. Vidole vyake vinene, vimeungua ungua kwa moto wa kazi, na karatasi ni laini. Nilingoja anitukane. Kuna matusi ya utani na kuna matusi yenyewe, na yeye anayajua yote. Akamwambia Fatu twende, jua linakwenda. Fatu ndiye aliyegeuka. Akasema: "Siku ile Mama alikuwa amechoka kidogo tu. Ungemwambia, angerudi nyumbani kwa lori." Basi. Wakaondoka.

Bwana Abeid alikuwa ndani. Alisikia yote.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimetuma unga, chumvi na mafuta Narung'ombe kwa ajili ya arobaini. Havikurudishwa. Sijaalikwa pia. Mtani haalikwi, anajiendea mwenyewe. Sijajua kama niende.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mvua za kwanza zinanukia. Soko lilijaa, kila mtu anataka jembe.

Lipande alikuwa mahali pake, majembe yamepangwa juu ya gunia. Nilizunguka mara mbili kabla sijamkaribia. Kisha nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba Wamwera wanafua majembe ya kuchezea watoto, yanapinda kwenye mchanga. Wauzaji wa karibu wakageuka wakitabasamu, wakingoja jibu lake.

Akasimama. Akavua kofia.

"Habari za kazi, Bwana Karani," akasema. Akanivutia kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Akauliza habari za Songea, za mama yangu, za wadogo zangu, mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anavyomuuliza mgeni. Waliokuwa wakitabasamu wakarudi kwenye shughuli zao.

Nilikaa. Nikamjibu kwamba nyumbani wote hawajambo.